Kuvumwani juu ya vigae na magata yaliyotoboka: lipi lianze?

Swali: Nyumba yetu ipo Ujiji, mjini Kigoma. Aliijenga marehemu baba, akaiezeka vigae vya saruji, ila jiko na stoo za nyuma zimeezekwa bati. Paa la nyumba kubwa lina urefu wa mita 12 na upana wa mita 9. Upande wa mwembe vigae vimeota kitu cha kijani kama zulia, na magata ya bati, yenye upana wa sentimita 10 na bomba moja la kushushia maji kila upande, yametoboka hadi maji yanachuruzika ukutani. Fundi anashauri tuoshe paa kwa mashine ya presha, tupulizie mrututu (ile dawa ya shaba ya mimea), tupake rangi, kisha tufunge magata ya plastiki. Maji ya paa hilo ndiyo tunayokunywa wakati wa masika. Mama hataki kusikia habari ya kukata mwembe. Tufanye nini, na tuanze na lipi?

Jibu:

Nianze na jibu fupi, ili ikiwa fundi ameshasimamisha ngazi ujue la kumwambia. Mashine ya presha irudishwe ilikokodiwa, mrututu ubaki kwa wenye kahawa, na rangi isinunuliwe. Kazi ianzie juu na kushuka chini: kwanza matawi ya mwembe, kisha vigae, kisha fisha bodi, yaani ubao wa ukingoni unaoshikilia magata, na magata yawe ya mwisho kabisa. Ukifunga magata mapya leo na kusugua paa wiki ijayo, uchafu wa miaka yote utatua ndani ya magata hayo hayo, na usipokuwa mwangalifu utafika hadi kwenye tangi. Mama naye apewe habari njema mapema: mwembe wake hautakatwa, utanyolewa tu.

Sababu ya kupanga hivyo ni kwamba unayoyaona kuwa matatizo mawili yana chanzo kimoja. Kuvumwani, ambayo wengi wetu tunaiita ukoga au ukungu wa kijani, imeota kwa sababu vigae vya upande ule havipati nafasi ya kukauka kati ya mvua moja na nyingine. Gata nalo limetoboka kwa sababu tope la majani yaliyooza limelilowesha kutoka ndani hata wiki ambazo hakuna tone lililoanguka. Fundi wako amelenga kile kinachoonekana kwa macho, yaani rangi ya kijani na tundu la kutu, na dawa zake zote zitaacha unyevu palepale ulipokuwa. Baada ya misimu miwili au mitatu utamwita tena.

Kuvumwani ni mmea mdogo usio na mizizi ya kweli. Hujishikiza kwenye kigae kwa vinyuzi vyembamba, haunyonyi chakula kutoka ndani ya saruji, na hauhitaji zaidi ya mwanga kidogo, maji, na vumbi lililojikusanya katika vijishimo vya kigae. Ukitaka kuuelewa vizuri, ngoja usiku unyeshe, kisha asubuhi simama juu ya ngazi bila kukanyaga paa, ubandue kipande cha ukubwa wa kiganja na kukikamua kama unavyokamua nazi iliyokunwa. Maji yatachuruzika hadi kwenye kiwiko, ilhali kigae cha jirani kilicho safi huenda kimeshakauka kabla ya saa nne. Pale ulipobandua utakuta udongo mweusi laini, na chini yake uso wa kigae uliokwaruzika kama msasa. Kigae cha saruji kikiwa kipya huwa na ngozi nyororo na ukali wa saruji ambao mimea haiupendi. Kadiri mvua za miaka zinavyokichapa, ngozi hiyo huliwa, ukali huisha, na kokoto ndogo hujitokeza. Hapo ndipo mbegu zake, ambazo ni chembe ndogo mno zinazopeperushwa na upepo, hupata pa kushikia.

Madhara yake makubwa yapo pale kigae kimoja kinapolalia kingine. Kuvumwani ikinenepa katika mwanya huo hukiinua kigae cha juu kidogo kidogo na kuzuia njia ya maji, na maji yakikosa njia hurudi nyuma, yakapanda juu ya ukingo wa kigae cha chini na kudondokea kwenye papi, yaani mbao zinazobeba vigae. Mara nyingi mwenye nyumba huona doa la kahawia kwenye dari akadhani kigae kimepasuka, akabadilisha vigae vitatu bila kupata nafuu, kumbe kilichohitajika ni kuondoa kizibo cha kijani.

Hapa niseme neno juu ya ushauri unaosambazwa kutoka nchi za baridi, kwamba kuvumwani huota upande wa kaskazini wa paa. Ushauri huo ni wa kweli huko kwao, ambako jua halipandi juu sana na upande wa kaskazini hukaa kivulini kwa miezi mingi. Kigoma ipo karibu nyuzi 5 kusini mwa ikweta. Jua hupita utosini mara mbili kwa mwaka, mwanzoni mwa Machi na mwanzoni mwa Oktoba. Mwezi wa Juni adhuhuri huwa limeegemea kaskazini, na Desemba huegemea kusini, lakini siku zote huwa juu kiasi cha kuangaza pande zote mbili za paa lenye mwinamo wa kawaida. Kwa hiyo kwetu dira haisemi kitu. Kinachoamua ni kivuli cha mti, ukuta wa jirani uliosogea mno, au pembe ambako paa mbili zinakutana na kukusanya majani.

Nenda sasa ukatazame paa la bati la jiko. Ikiwa ni bati jeupe la kawaida, lisilo la rangi, nakubashiria kwamba halina kuvumwani au inayo kidogo sana, ingawa liko chini ya mwembe uleule. Bati hilo limepakwa zinki, na kila mvua huyeyusha chembe kidogo ya zinki ambayo mimea ya aina hii haiivumilii. Ndiyo maana kwenye nyumba za vigae zilizofungwa kofia ya bati jeupe kileleni, mara nyingi utaona michirizi ya vigae safi ikishuka kutoka kwenye kofia, na kijani kikianzia mbali kidogo huko chini. Bati la rangi, hata lile la msauzi, halifanyi kazi hiyo kwa sababu rangi imeifunika zinki. Nitarudi kwenye jambo hili, kwa maana ndiyo dawa pekee ninayokushauri.

Mashine ya presha nimeikataa kwa sababu mbili. Kwanza, maji yake hukwangua kile kidogo kilichobaki cha ngozi ya kigae, kwa hiyo siku ya kwanza paa hung'aa na kukufurahisha, lakini umeliacha likiwa na mikwaruzo mingi kuliko awali, na kuvumwani ijayo itashika upesi zaidi. Pili, kigae kimetengenezwa kupokea maji yanayoshuka. Fundi akisimama chini na kurusha maji kwenda juu, anayasukuma moja kwa moja chini ya vigae hadi kwenye papi na dari. Rangi nayo haitibu chochote: ikipakwa juu ya vigae vyenye unyevu na mabaki ya kuvumwani itabanduka kama gamba, na vipande vyake vitaelea ndani ya tangi la maji ya kunywa.

Mrututu nauelewa ulikotoka. Wakulima wa kahawa wa Buhigwe na Kasulu wanaujua vizuri kwa magonjwa ya majani, na ni kweli kwamba shaba iliyomo huua kuvumwani kwa haraka. Lakini shaba hiyo ikishuka na maji kutoka kwenye vigae na kugusa bati la gata, huila zinki na kuanzisha kutu mahali ambapo isingefika kwa miaka mingi. Tena ni sumu ambayo haina nafasi juu ya paa linalonywewa maji, na mtaro wenu, kama mitaro mingi ya Ujiji, unaelekea ziwani, ambako samaki wanadhurika kwa shaba kidogo sana. Atatokea mwingine akushauri chumvi, kwa kuwa Uvinza si mbali na chumvi yake ni ya bei nafuu. Ataliua zulia la kijani na kuliua bati kwa pamoja. Klorini ya kufulia nguo nayo huunguza bati, na ikimwagika chini huunguza mboga zako. Ikiwa sehemu yoyote ya nyumba imeezekwa yale mabati ya zamani ya kijivu ya asbesto, ambayo bado yapo kwenye majengo mengi ya zamani, usiyasugue, usiyakwangue na usiyapige presha hata kidogo, maana vumbi lake likivutwa huharibu mapafu. Acha yalivyo hadi upate watu wanaojua kuyashusha.

Sasa tuje kwenye mwembe. Ujiji bila miembe si Ujiji, na wageni bado wanapelekwa kuonyeshwa mahali pa mwembe ambapo Stanley alikutana na Livingstone mwaka 1871. Simlaumu mama yako. Lakini mwembe una tabia mbaya tatu kwa mwenye paa. Jani lake ni gumu kama ngozi, kwa hiyo halisagiki upesi bali hulala katika gata na kufanya tope. Maua yake hudondoka kama vumbi wakati wa kiangazi na kujaza kila mwanya. Na popo wanaokuja kula maembe huacha mbolea juu ya vigae, chakula kizuri kwa kila kinachoota. Kinachotakiwa ni kukata matawi yote yaliyo juu ya paa, kuacha nafasi ya mita 2 hivi kati ya ncha za matawi na ukingo wa vigae, na kupunguza matawi ya ndani ili jua la asubuhi lipenye. Wakati mzuri wa kuupogoa ni baada ya kuvuna, lakini tawi linalogusa vigae lisisubiri msimu. Wakataji wafunge kila tawi kwa kamba na kulishusha taratibu. Nimeona tawi moja la mwembe likivunja vigae kumi na wanne kwa mara moja, na mwenye nyumba akabaki anavitafuta mji mzima vya umbo lile asivipate.

Kusafisha vigae ni kazi ya kiangazi, kati ya Juni na Septemba, kuvumwani ikiwa imekauka na kuwa kahawia. Ikiwa mbichi ni utelezi mtupu, hata mtu aliyezoea mapaa huanguka. Kabla ya yote, achanisha bomba linalopeleka maji kwenye tangi, na ufunike tangi. Ngazi isiegemezwe kwenye gata. Isimame imara, na kwa kila mita 4 za urefu wa kwenda juu mguu wake uwe mita 1 kutoka ukutani. Anayepanda afungwe kamba kiunoni, na akanyage sehemu ya chini ya kigae, pale kinapolalia cha pili, kwa kuwa katikati hakuna kinachokibeba. Kwa kukwangua tumia kipande cha ubao kilichochongwa ncha bapa, usitumie mwiko wa chuma wala brashi ya waya. Baada ya kukwangua, pitisha fagio gumu la chelewa, ukianzia kileleni na kushuka, na usifagie kwenda juu hata mara moja, kwa sababu utazisukuma takataka ndani ya mwanya unaotaka kuusafisha. Kwenye mianya yenyewe pitisha kijiti chembamba kigae kwa kigae. Kazi hii inachosha na kwa paa lako itachukua siku mbili au tatu, lakini ndiyo inayobeba nyingine zote, na vigae vilivyopasuka utavigundua hapo. Takataka zisiachwe ndani ya magata ya zamani. Zizolewe kwa mkono na ndoo. Usishangae ukikuta mche wa mwembe umeota humo, wenye majani yake manne mekundu na mizizi iliyosokotana na kutu.

Vigae vikishakuwa safi ndipo nitimize ahadi ya zinki. Chukua bati jeupe jipya, likatwe vipande virefu vyenye upana wa sentimita 20 hivi, na fundi avichomeke chini ya vigae vya kileleni ili sentimita 10 zibaki nje upande wa mwembe, kwa urefu wote wa paa. Mvua itakayopita juu yake itabeba zinki kidogo na kuisambaza mita chache kwenda chini. Haitaondoa kuvumwani iliyokwisha kuota, na baada ya miaka kadhaa zinki ya ukanda huo itakwisha na utabadilishwa, lakini gharama yake ni ndogo na maji hayadhuriki: watu wamekunywa maji ya paa za bati jeupe vizazi na vizazi.

Kabla ya kununua gata, pima fisha bodi. Chukua bisibisi, uibonyeze kwenye ubao kila baada ya nusu mita, hasa chini ya matundu ya gata. Ikiingia bila ubishi, ubao umeoza na haushiki skrubu. Badilisha kipande hicho chote. Paini ya inchi 1 kwa 8 iliyotiwa dawa inatosha, lakini ipakwe rangi pande zote nne na kwenye ncha kabla ya kupigiliwa, kwa kuwa upande wa nyuma ambao hakuna anayeuona ndio unaoanza kuoza.

Ukubwa wa gata ndipo penye kosa la tangu mwanzo. Upande mmoja wa paa lako unafunika ardhi ya mita 12 kwa mita 4.5, yaani mita za mraba 54. Hupimwa kwa kivuli chake chini, wala si kwa kufuata mwinamo wa vigae. Kila milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita moja. Mvua kali ya radi, ikinyesha kwa kasi ya milimita 100 kwa saa japo kwa dakika chache tu, hukuletea lita 90 kila dakika upande huo, sawa na ndoo nne na nusu za lita 20. Kanuni rahisi ya mafundi ni kwamba kila mita ya mraba ya paa inahitaji sentimita moja ya mraba ya uwazi wa gata, yaani eneo la ndani ukilitazama kutoka mwisho wake, na mimi kwa mvua zetu huongeza nusu ya hapo, kwa hiyo gata lenye bomba moja mwishoni lingehitaji uwazi wa sentimita za mraba 81. Gata la nusu duara lenye upana wa sentimita 10 lina 39 tu. Maana yake ni kwamba magata ya marehemu mzee yalikuwa yakifurika hata yalipokuwa mapya, na ukuta ulilowa miaka mingi kabla ya tundu la kwanza la kutu.

Suluhisho langu ni kuchukua gata la upana wa sentimita 15, lenye uwazi wa 88, na kulifunga likiwa na kilele katikati ya nyumba ili maji yagawanyike na kushuka pande mbili, kila mwisho ukiwa na bomba lake. Kila nusu itabeba mita za mraba 27 tu, na uwazi wake utakuwa mara mbili ya unaotakiwa. Nafasi ya ziada ni ya majani utakayosahau kuyatoa. Mteremko uwe sentimita 1 kwa kila mita, yaani sentimita 6 kutoka katikati hadi mwisho. Ungeshusha upande mmoja kwa urefu wote wa mita 12, tofauti ingekuwa sentimita 12, gata lingekaa mbali na vigae kule mwisho, na upepo ungeyapeperusha maji nje.

Mteremko huo upimwe kwa uzi na pima maji, usifuatwe ukingo wa ubao. Mimi mwenyewe nilishawahi kuaibika Kasulu: nilifuata fisha bodi nikiamini imenyooka, kumbe nyumba ilikuwa imekaa upande mmoja, na mvua ya kwanza maji yakaenda upande usio na bomba, yakamwagika mlangoni kwa mwenye nyumba aliyekuwa amesimama na ndoo akingoja kushangilia.

Kuhusu plastiki, fundi wako hakukosea kabisa. Hapa si Dar es Salaam wala Tanga. Upepo wa Ziwa Tanganyika hauna chumvi ya bahari, na bati likikaa kavu hudumu sana. Ningependa upande wa mwembe ufungwe plastiki, kwa kuwa haishiki kutu na kivuli kitaikinga na jua, ambalo ndilo adui yake. Upande wa pili, ulio wazi, ningefunga bati jeupe la geji 26. Usikubali geji 30, maana kadiri namba inavyopanda ndivyo bati linavyokuwa jembamba. Na ukiona fundi analeta bomba la maji taka la inchi 6 lililopasuliwa katikati, fahamu kwamba bomba hilo halikutengenezwa kukaa juani. Chini ya mwembe litavumilia, juani litakuwa dhaifu na kuvunjika kama kaki.

Mabano ya kushikilia yawe kila sentimita 60, yakazwe kwa skrubu. Plastiki hurefuka kwa joto: kwa mita 12, tofauti ya asubuhi ya baridi na mchana wa jua kali inaweza kufika sentimita 2, kwa hiyo maungio yaachiwe nafasi ya kucheza, la sivyo gata litajipinda kama nyoka. Bati likatwe kwa mkasi wa bati na si kwa grenda, maana cheche za grenda huunguza zinki na kila cheche huacha doa la kutu. Kwenye maungio, kipande cha juu kilalie cha chini kwa sentimita 10 kufuata maji yanakokwenda, kisha ripiti na silikoni. Ukingo wa vigae uingie ndani ya gata sentimita 5 hivi, na mdomo wa mbele wa gata uwe chini kidogo kuliko wa nyuma, ili siku likifurika limwage nje, mbali na ukuta.

Mabomba ya kushusha yawe ya inchi 4, ingawa kwa hesabu ya inchi 3 yangetosha. Jani la mwembe halizibi inchi 4 kirahisi. Sishauri wavu uliotandazwa juu ya gata lote. Majani haya mapana hulala juu ya wavu kama mkeka, na maji huruka juu yake na kumwagika nje. Badala yake tengeneza kikapu kidogo cha wavu wa waya, kilichochongoka kwenda juu, ukiweke kwenye tundu la kila bomba, na safisha magata kabla ya mvua za Oktoba au Novemba, tena Januari maembe yanapokwisha. Maji yaliyotuama gatani ni nyumba ya mbu pia, na Kigoma haina upungufu wa mbu.

Kwa kuwa mnakunywa maji haya, kila bomba liwe na mfuko wa kutupia maji ya kwanza kabla ya kuingia tangini. Ni kipande cha bomba la inchi 4 kinachoshuka wima kutoka kwenye tawi la njia ya tangi, kikazibwa chini kwa kifuniko cha kufungua. Mita moja ya bomba hilo huchukua karibu lita 8. Nusu ya upande wa paa ikihitaji nusu lita kwa kila mita ya mraba, ni lita 13 au 14, basi bomba la mita 1.75 linatosha. Toboa kitundu cha milimita 2 chini yake, lijimwage lenyewe baada ya kila mvua. Mvua ya kwanza ya msimu, inayobeba vumbi la kiangazi na majivu ya mashamba yaliyochomwa, iachwe imwagike yote. Hata hivyo maji ya kunywa yachemshwe. Popo hawakomi kwa sababu tumefunga bomba.

Usidharau hesabu ya mwaka. Mji wa Kigoma hupata takriban milimita 1,000 za mvua kwa mwaka, na paa lako la mita za mraba 108, hata ukipoteza robo, litakupa lita 80,000 na zaidi. Tangi lako halitazibeba zote, kwa hiyo bomba la kumwagia maji yanayofurika lifike mita kadhaa kutoka kwenye msingi, liingie katika shimo lililojazwa mawe au kwenye migomba.

Malipo ya mwisho ya fundi yasubiri jaribio moja. Mwambie apande na ndoo mbili za maji, azimwage polepole katikati ya gata, penye kilele, huku wewe umesimama chini. Maji yagawanyike sawa, yatoke pande zote mbili, na maungio yasidondoshe. Baada ya robo saa apande tena na kitambaa kikavu, akipitishe ndani ya gata kutoka mwisho hadi mwisho. Akikuta mahali penye dimbwi linaloweza kulowesha kitambaa hadi kikakamulika, alegeze mabano ya hapo na kuyapanga upya siku hiyo hiyo, kabla hajashusha ngazi.